Kumuaga kwa macho: jinsi ya kumwona marehemu wako kabla ya mazishi

Dada yangu mkubwa alipokufa kwa ajali ya barabarani, mimi nilikuwa Mbale. Nilipofika nyumbani Walukuba, hapa Jinja, jeneza lilikuwa limeshafungwa skrubu. Wazee walinishika mikono, mmoja huku mmoja huku, wakaniambia, "Mwanetu, usimwangalie. Ajali imemharibu. Mkumbuke alivyokuwa." Walinionea huruma kwa dhati, nami nikatii. Kwa miaka minne baada ya hapo nilikuwa nikimwona dada kwenye stendi ya teksi: mgongo wake, kitambaa chake cha kichwani, mwendo wake wa haraka. Nilikuwa namfuata mwanamke nisiyemjua mpaka ageuke.

Mama alipofariki nilikataa kushikwa mikono. Niliingia, nikakaa naye karibu nusu saa, nikamshika kidole gumba chake chenye kovu la sindano ya cherehani. Kilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Nililia sana siku ile, lakini mama sijawahi kumfuata njiani.

Leo mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuzikana, kile ambacho Waganda hukiita munno mukabi, na kazi ya kwenda mochwari na wafiwa imeniangukia. Walukuba tumechanganyika, Wasoga, Wajaluo, Wagisu, Wateso, Wanubi, na msibani Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia wafiwa tukiwa njiani. La kwanza kabisa ni hili: mfiwa aulizwe kama anataka kumwona mtu wake, apewe nafasi kabla ya umati, na jibu lake liheshimiwe, liwe ndiyo au hapana.

Hatua ya 1: Ulizaneni siku ileile

Uganda tunazika haraka. Ng'ambo ya mpaka wa Busia, kwa jirani zetu wa Kenya, marehemu anaweza kukaa mochwari wiki nzima au mbili huku michango ikikusanywa. Kwetu mara nyingi ni siku mbili au tatu, na kwa Waislamu ni siku hiyohiyo ikiwezekana. Mkingoja mpaka jeneza lifike uwanjani, mtu mwingine atakuwa ameshawaamulia.

Chagueni ndugu mmoja mwenye moyo mtulivu. Azunguke kwa mjane au mgane, kwa watoto, kwa wazazi na ndugu wa tumbo moja, amwulize kila mmoja peke yake: "Unataka kumwona? Ukiwa na nani?" Asiulize mbele ya kikao. Mjane aliyezungukwa na wakwe zake atajibu wanachotaka wakwe. Kisha aulize tena kesho yake asubuhi, maana mtu aliyepokea habari saa moja iliyopita bado hajijui.

Anayesema hapana asisukumwe, wala asiitwe mwoga. Wapo waliomuuguza mtu wao mpaka pumzi ya mwisho, wakamfumba macho kwa mikono yao, hao wameshamuaga. Ninaowahofia zaidi ni waliokuwa mbali na wale ambao kifo kimewajia kwa simu. Mwaka 2010 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliosikiliza watu 80 waliofiwa kwa ajali, kujiua na vifo vingine vya kutisha. Kati ya waliomwona marehemu wao, wachache tu ndio waliojuta. Watafiti wakashauri kwamba hata katika vifo vya namna hiyo familia ipewe nafasi ya kumwona, ipewe muda wa kuamua, na ielezwe mapema itakachokikuta. Niliposoma nilimkumbuka dada.

Hatua ya 2: Tumeni mtangulizi

Msiende mochwari kwa lori zima la watu. Aende kwanza mtu mmoja au wawili, akiwemo ndugu anayemfahamu marehemu vizuri, kwa sababu kabla ya jambo lolote lazima kuhakikisha ni yeye. Atazame kovu, meno, kidole, alama ya kuzaliwa. Uso pekee hudanganya, hasa kama siku zimepita.

Kama kifo ni cha ajali, cha kuuawa au cha kujiua, polisi wataingia, na daktari atampasua ili ajue sababu. Kampala wengi wa namna hiyo hupelekwa mochwari ya jiji pale Mulago. Sisi wa huku tunakwenda hospitali ya rufaa ya Jinja. Mtangulizi aulize kama upasuaji umeshafanyika. Ukishafanyika, kuna mshono mrefu kutoka karibu na shingo mpaka chini ya tumbo, na mara nyingi mwingine juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio. Nguo itafunika ule wa kifuani. Wa kichwani unahitaji kitambaa, kwa hiyo beba kilemba au kofia.

Beba pia shuka safi, nguo zake, mafuta ya kupaka, pamba na glavu. Muulize mhudumu kwa heshima kama anaweza kumtoa kwenye droo au sakafuni na kumlaza kwenye meza au kitanda cha magurudumu, uso usafishwe, kidevu kifungwe, ndipo wengine waitwe. Wahudumu wengi wa mochwari ni watu wa utu ambao hakuna anayewasalimu. Ukiwasalimu vizuri, ukawaambia unachohitaji na kwa nini, watakusaidia. Malipo yakitajwa, omba risiti. Na karatasi ya hospitali inayothibitisha kifo itunze, maana utaihitaji NIRA, mamlaka ya serikali ya usajili, utakapotafuta cheti cha kifo.

Mtangulizi akirudi aseme kweli. Asiseme "yuko sawa" kama hayuko sawa. Na kama uso umeharibika sana, bado kuna njia. Masese, kwenye mwalo wetu wa samaki, kijana mmoja alizama ziwani akaibuka baada ya siku kadhaa. Uso ulikuwa umevimba hautazamiki. Baba yake alisema lazima amwone mwanawe. Tulimfunika kijana mwili wote kwa shuka mbili, tukaacha mguu wa kushoto nje. Mzee alipiga goti, akautazama ukucha wa kidole kikubwa uliopasuka katikati tangu kijana angali mtoto, akaomba maji. Akauosha ule mguu taratibu, kati ya kidole na kidole, akaukausha kwa shati lake. Akasimama, akasema, "Ni yeye. Twendeni." Hakuomba kuona zaidi.

Hatua ya 3: Mweleze atakachokiona

Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kunyamaza. Kaa na anayekwenda kuingia, pale nje chini ya mti au ndani ya gari, umwambie kwa maneno ya kawaida.

Mwambie atakuwa baridi, baridi isiyofanana na ya mtu mwenye homa. Mwambie anaweza kuwa mkakamavu: viungo huanza kukaza saa chache baada ya kufa, na hulegea tena baada ya siku moja au mbili. Macho huenda yasifumbe kabisa. Puani kutakuwa na pamba. Kama amewekwa dawa ya kumhifadhi, ngozi itakuwa ngumu kidogo, rangi inaweza kuwa nyeusi kuliko alivyokuwa, na harufu ya dawa itachoma macho. Anaweza kuonekana mdogo. Hilo huwashtua sana watoto wa mzee aliyekuwa pandikizi la mtu.

Jambo moja nalikazia kila mara. Moyo ukisimama, damu huteremkia upande ule mtu alipolala, na mgongo au nyuma ya shingo hupata madoa ya rangi ya zambarau yanayofanana kabisa na alama za kipigo. Nimeona ugomvi mkubwa ukianzia hapo, ndugu wakimtuhumu mke kwamba alimpiga mumewe, kumbe ni maumbile tu. Ukiwa na shaka, muulize daktari kabla hujafungua mdomo msibani.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Fuateni mpango huo. Waingie wenye msiba kwanza, wawili au watatu kwa pamoja, si zaidi. Marafiki, majirani na wakubwa wa kazini wangoje.

Anayesindikiza asimame karibu na mlango, kiti kiwe tayari na maji yawepo. Watu huishiwa nguvu magotini kuliko wanavyozimia kabisa. Mwache mfiwa asogee mwenyewe. Kama anaogopa, aanze kwa mbali, atazame mikono kabla ya uso. Mkono wa mtu unafahamika, nao hubadilika kidogo kuliko uso.

Kumgusa ni halali yake. Mwili wa aliyekufa kwa ajali, kisukari, presha au uzee haumdhuru anayemshika mkono au kumpapasa paji la uso. Anawe kwa sabuni akitoka, basi. (Kuna magonjwa ambayo ni marufuku kabisa kugusa, nitayafikia.)

Sikiliza pia maneno. Mhudumu atasema "maiti hii" na "mwili namba fulani", ndiyo lugha ya kazi yake. Lakini mtoto wa marehemu husema, "Baba yuko wapi? Mbona baba ana baridi?" Usimsahihishe. Usimjibu, "Mwili uko kule." Mjibu, "Baba yuko kule, twende." Atamwita mwili mwenyewe, siku yake ikifika. Nami nimejifunza kumtaja marehemu kwa jina mbele ya mhudumu, na mara nyingi mhudumu naye hubadilika, anaanza kusema "mzee" au "mama".

Asikatazwe kulia. Asiharakishwe. Akitaka kusema naye, kumwomba msamaha, hata kumgombeza kwa deni aliloacha, mwache amalize. Dakika kumi za utulivu humtosha mtu mmoja, mwingine atahitaji nusu saa, na wapo wanaotoka wakaomba kurudi. Warudishe.

Simu ziwe mifukoni. Kama kuna ndugu Dubai au London asiyeweza kufika, mmoja wenu ampigie kwanza kwa sauti, amweleze alivyo marehemu, amwulize kama anataka kumwona kwa video. Akikubali, mwoneshe mkono kwanza, kisha uso, kwa utulivu, bila maoni. Picha ya marehemu haiingii kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata wakiomba mara mia. Nimeona binti akipokea uso wa mama yake kwenye simu akiwa katikati ya soko.

Watoto

Mtoto asidanganywe kwamba babu amelala au amesafiri. Aliyeambiwa hivyo huogopa kulala, au hungoja mlangoni. Mwambie, "Babu amekufa. Mwili wake haupumui, hausikii maumivu, hausikii baridi, na hataamka." Wadogo wa chini ya miaka mitano hivi hawaelewi kwamba kifo hakirudi nyuma, watauliza tena kesho na kesho kutwa, na jibu liwe lilelile.

Mtoto aulizwe kama mtu mzima. Akitaka kuingia, amshike mkono mtu anayempenda ambaye siku hiyo hatazidiwa na kilio. Mama mjane huwa hawezi, basi awe shangazi au mwalimu. Akifika mlangoni akageuka, mgeuke pamoja. Usimnyanyue mtoto kumlazimisha kubusu. Kuna msichana wa miaka saba aliyeniuliza kwa nini bibi amevaa soksi wakati hasikii baridi. Nikamwambia tumemvisha kwa sababu tunampenda. Akaridhika, akaivuta soksi moja iliyokuwa imelegea akaiweka sawa.

Dini na mila: jua dirisha lenu liko wapi

Kila desturi ina wakati wake wa kumwona, na ukipita umepita.

Kwa Waislamu, wakati huo ni kabla sanda haijafungwa usoni. Kuoshwa ni kazi ya wachache, wanaume kwa mwanamume na wanawake kwa mwanamke, na mume na mke kwa wanazuoni walio wengi wanaweza kuoshana. Wapo wanaodhani kumfunua marehemu uso ni dhambi. Sivyo ilivyopokewa: Abubakar alimfunua Mtume uso akambusu, na Jabir alikuwa akimfunua baba yake uso huku analia baada ya vita vya Uhud, na Mtume hakumkataza. Mwombeni shehe awape familia dakika chache baada ya kumkafini, uso ukiwa wazi, kabla ya sala ya maiti. Bombo na Jinja nimeona mashehe wakikubali bila shida wakiombwa mapema.

Kwa Waganda, marehemu huviringishwa kwa mbugo, vitambaa vya magome ya mti wa mutuba, tena vingi kama ukoo ni mkubwa. Uso ukishafunikwa haufunuliwi ovyo. Kwa hiyo waulizeni wazee wa ukoo usiku wa mkesha ni saa ngapi wataanza kumfunga, na wenye msiba wawe karibu saa hiyo.

Kwa Wakristo wengine, jeneza huwa na kioo au kifuniko cha nusu, na watu hupita kabla au baada ya ibada. Muulizeni mchungaji au padre, maana wengine hawataki lifunguliwe kanisani, na nyumbani ndiyo nafasi yenu.

Foleni ya nyumbani

Hii ni ya jamii, nayo ina heshima yake: majirani kupita mmojammoja, kina mama wamekaa kwenye mikeka kando ya jeneza, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akiongoza mstari. Mimi huomba mambo mawili tu. Familia iwe imeshapata faragha yake, ili wasijikute wanamwona mara ya kwanza mbele ya watu mia tatu. Na mstari uingie mlango mmoja utoke mwingine, au uzunguke jeneza upande mmoja, kwa sababu sebule ikijaa watu wanaosukumana jeneza hutikisika, na mjane ataliona hilo maisha yake yote.

Pale ambapo kugusa ni hatari

Uganda tunaijua Ebola. Gulu mwaka 2000 ilichukua watu 224, na kuosha maiti na kukusanyika mazikoni ni kati ya njia zilizoieneza. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyeongoza mapambano hayo, alikufa nayo Desemba 5 mwaka huohuo. Ikaja Mubende na Kassanda mwaka 2022, ikaja tena Kampala Januari 2025. Virusi hubaki kwenye mwili baada ya kifo, wakati ambapo viko vingi mno. Mgonjwa aliyekufa kwa homa kali yenye kutoka damu, au kifo chochote ambacho watu wa afya wamekitilia shaka, msimguse, msimwoshe, msimfiche. Iteni timu ya afya.

Hata hapo msikae kimya. Iombeni timu hiyo, kabla mfuko haujafungwa, mtu mmoja au wawili wa familia wamwone uso kutoka umbali watakaowaonesha. Ombeni wamvalishe au wamwekee nguo yake, shuka yake, rozari yake. Kwa Mwislamu ombeni atayamamiwe, yaani atiwe tohara kwa vumbi safi, badala ya kuoshwa kwa maji. Kaburi lichimbwe na vijana wa nyumbani, dua isomwe kwa mbali, na mtu mmoja ataje jina lake kwa sauti. Timu za mazishi salama hujua maombi haya, na yakiwa hayana hatari huyakubali.

Aliyekuja kwa ndege

Vijana wetu wengi wako Saudia na Emirati, na baadhi hurudi Entebbe ndani ya sanduku. Wiki zinaweza kuwa zimepita. Kama karatasi zinasema lisifunguliwe kwa sababu ya ugonjwa, tiini. Kama hazisemi hivyo, lifungueni, lakini si uwanja wa ndege na si mbele ya umati wa kijijini. Mtangulizi atazame kwanza, alinganishe jina na pasi, athibitishe ni yeye, aone hali yake, kisha ndiyo mama yake aulizwe. Mama aliyemwona mtoto wake mara ya mwisho akipanda teksi ya Entebbe na begi jipya anastahili kuulizwa.

Usiku unaofuata, na kwa aliyekosa

Usiku wa kwanza sura ya marehemu itarudi, tena kali. Asilale peke yake. Kwa wengi hupoa baada ya wiki kadhaa, na sura za zamani hurejea. Ikiwa mwezi umepita na mtu bado hali, halali, au anaruka usingizini, mpelekeni hospitali kwa mshauri. Hiyo si aibu ya ukoo.

Na wewe uliyezuiwa, au uliyechelewa kama mimi, mtafute aliyemwosha. Yeye anajua. Muulize alimvisha nini, alilalaje, uso ulikuwaje, nani alimfumba macho. Muulize mkiwa wawili, mchana, na umwambie asikufiche kitu. Mimi nilichukua miaka minne kufika kwa shangazi. Alinitazama kwa muda, akaniambia, "Nilijua utakuja." Kisha akaeleza: dada alikuwa mzima uso wote upande wa kushoto. Kulia, juu ya sikio, palikuwa na jeraha. Alimsuka nywele zote kuelekea kushoto, mistari sita, akamfunga kitambaa cha kijani upande wa jeraha, akampaka mafuta ya mgando midomoni kwa sababu ilikuwa imekauka. Nikamuuliza alikuwa kama anasikia uchungu. Akasema hapana, alikuwa kama mtu aliyeulizwa swali na hajajibu.

Kitambaa kile alikikata kwa mkasi kwa kuwa kilikuwa kirefu. Kipande kilichobaki alikuwa amekiweka kwenye Biblia yake. Alinipa, na mimi ninacho.